Niliingia kwenye uigizaji nikiwa tayari na pensheni

Ukiwa mwanamke umevuka hamsini na kitu alafu unataka kuigiza huku kwetu, kazi zenyewe zipo kama nne hivi. Kuna mama mkwe mkorofi, kuna mchawi, kuna bibi wa kijijini ambaye anaumwa na anakufa kabla hadithi haijachanganya, na kuna jirani mmbea. Basi. Mara mojamoja unapata nesi wa kusema "ndugu wa mgonjwa subirini nje", na hiyo mimi napewa sana kwa sababu wanajua nilikuwa nesi kweli. Zote nimeshacheza, nyingine nimezikataa na nitawaambia kwa nini, ila msidhani nalalamika, manake hii kazi naipenda na ilinikuta wakati nimeshajua mambo mengi ambayo wale mabinti wazuri wazuri wa kwenye kaveri bado hawajayajua, na hilo ndo nataka kuliongelea.

Mimi ni mtu wa Moshi. Serikalini unaruhusiwa kustaafu kwa hiari ukifika miaka 55, na ukifika 60 unatoka utake usitake. Mi niliondoka kwa hiari, magoti yalishagoma na zamu za usiku, mzee wangu alishatangulia, watoto wako kwenye maisha yao. Mpango ulikuwa kuku. Kila mstaafu wa Moshi ana mpango wa kuku, ukienda kwenye semina ya wastaafu wanakuambia kuku, ukienda kanisani mama mchungaji anakuambia kuku, nikajenga na banda kabisa.

Sasa kuna kijana wa jirani yangu hapa Majengo alikuwa anabebaga mataa ya watu wa filamu, akaja siku moja akaniambia bi mkubwa kuna watu wanatoka Arusha wanataka nyumba ya kushutia msiba, ya kwako ina baraza kubwa na uwanja, watakulipa. Nikakubali kwa sharti moja, wasiguse kabati langu la vyombo. Wakaja na genereta na kelele zao, wakajaza watu sebuleni, mimi nikakaa jikoni nachungulia dirishani. Mfiwa yupo kwenye kochi. Amevaa miwani ya jua, kucha ndefu, kope za bandia, analia kwa kujifuta na kitambaa kwenye kona ya jicho wanja usiharibike. Wanawake wengine wamesimama ukutani kama wanasubiri Hiace.

Nikavumilia nikashindwa. Nikatoka nikawaambia wanangu, msibani makochi yanatolewa nje, mfiwa anakaa chini kwenye godoro na kanga yake kiunoni, wanawake wanamzunguka, na kila msiba una shangazi mmoja ambaye halii, halii kwa sababu yeye ndo anahesabu masufuria, anauliza unga umefika, majani ya chai nani ananunua, gari la kupandisha maiti mlimani limelipiwa au bado, manake sisi Wachagga hata ufie Mwanza unarudishwa kuzikwa kihambani kwenu. Dairekta alikuwa chalii wa Kijenge, kofia ameigeuza nyuma, akaniangalia akasema, "Mama, huyo shangazi ni wewe."

Nikadhani anatania. Wakanipa daftari la rambirambi nishike, nikaambiwa sema chochote unachosema msibani. Nikasema. Nikamgombeza kijana mmoja aliyekuwa anakula kabla ya wageni, ambaye kumbe hakuwa mwigizaji hata, ni mshika waya, akashtuka kweli na ile sura yake ya kushtuka ikabaki kwenye filamu mpaka leo. Ndo usaili wangu huo, sijafanya mwingine mpaka nilipoanza kufuata kazi Arusha.

Kitu ambacho watu hawaelewi kuhusu kuanza ukubwani ni kwamba hujaanza ukubwani kwa kweli. Akina Mzee Small na Mzee Majuto, wale wachekeshaji wetu, Mungu awarehemu, mmoja alitutoka 2014 na mwingine 2018, wale walizeekea jukwaani, sisi tumewaona wakizeeka. Mimi nimezeekea wodini. Na wodini ni mahali pa kuangalia watu, wewe umevaa nguo nyeupe hakuna anayekuona, wanaongea mbele yako kama ukuta, watoto wanagombana shamba la baba wakati baba yupo hapo anasikia, mke mkubwa na mke mdogo wanapishana mlangoni na bakuli za mtori. Nesi anajua nani anakuja kumwona mgonjwa na nani anakuja kuonekana kwamba amekuja.

Nitoe mfano wa taarifa za kifo, manake hizo nimezitoa nyingi. Kwenye filamu zetu daktari anavua miwani anasema pole sana tumempoteza, hapohapo mtu anapiga yowe anaanguka chini anagaragara. Mimi kwenye miaka yangu yote ya kazi hao wa kupiga yowe palepale wapo, sisemi hawapo, ila wengi kwanza wanauliza kitu kidogo. Alikula? Nguo zake ziko wapi? Kuna mzee mmoja nilimwambia alfajiri kwamba mkewe ameshafariki, akanishukuru, "aika mae", akaanza kukunja blanketi alilokuja nalo, analikunja vizuri kona kwa kona, akaniuliza lile bakuli la hospitali alirudishe wapi. Bakuli! Kilio kilimkuta getini alipomwona mdogo wake anashuka kwenye bodaboda. Kilio huwa kinachelewa, kinasubiri mtu wa kukilia.

Basi nikapewa nafasi ya mama anayeambiwa mwanae amekufa kwa ajali. Nikacheza hivyo, nikamuuliza yule daktari, "Ile chupa ya mtori niliyoleta jana, alikunywa?" Dairekta, huyu alikuwa mwingine, akasema kata, mama mbona hulii. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, akasema mama naelewa ila mtazamaji anataka machozi. Tukabishana, sio kwa ubaya, tukashuti zote mbili, ya mtori na ya kugaragara. Wakatumia ya kugaragara. Na watu waliipenda, nikakutana nao mpaka Soko la Mbuyuni wananiambia mama ulitutoa machozi. Haya.

Kipindi hicho binti yangu anaishi Njiro alikuwa na masizoni mengi ya Kimarekani, yale ya kwenye DVD, na mi nikienda Arusha kwenye kazi nalala kwake. Jioni anaweka Desperate Housewives, ile ya wanawake wa mtaa mmoja wenye majumba mazuri na siri. Warembo wote wale mi sikuwa na habari nao, nilikuwa namsubiri yule bibi jirani, mkali, ana nywele nyeupe, anasimama mlangoni na gauni la nyumbani anawaambia ukweli. Nikamwambia mwanangu hebu nitafutie huyu mama ni nani kwenye simu yako. Anaitwa Kathryn Joosten, mzaliwa wa Chicago. Alafu binti akanyamaza, akasema, "Mama, kumbe na yeye alikuwa nesi."

Sio nesi tu, nesi wa wagonjwa wa akili, hospitali ya Michael Reese, Chicago. Ameolewa, ana watoto wawili wa kiume, ndoa ikavunjika mwaka 1980, akabaki na watoto na bili. Mama yake alikuwa amekufa kwa saratani huku anajutia mambo ambayo hakuyafanya, na hilo lilimkaa kichwani. Akaanza kuigiza akiwa na miaka 42, na sio Hollywood, ni kwenye vikundi vya maigizo vya mtaani kwao, huku anafanya vibarua vingine apate kula. Mwaka 1992 akapata kazi Florida, Disney, ya kuigiza barabarani anachekesha watalii wanaopita, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. 1995 ndo akahamia Hollywood, kule ambako wenzake wa umri wake wanalia hakuna kazi. Akawa anapata vipande vidogo vidogo, siku moja hapa, siku mbili kule.

Kilichonigusa sio hizo tuzo, ingawa alipata Emmy mbili, 2005 na 2008, kwa huyohuyo bibi jirani. Kilichonigusa ni kazi yake ya nyuma kidogo, binti alikuwa nayo pia, The West Wing, inahusu ikulu ya Marekani. Humo yeye ni katibu muhtasi wa rais. Kazi yake nini? Analeta faili, anamkumbusha rais mkutano, anamnyima biskuti. Sasa ungempa mtu wa kujionyesha angejitutumua ili aonekane. Yeye hajitutumui. Alafu kuna mahali tu, maongezi mafupi, anasimulia kwamba alikuwa na watoto mapacha, wote wakafa siku moja vita ya Vietnam, mkesha wa Krismasi. Anasema kwa sauti ileile ya kuleta faili. Na kuanzia hapo kila akipita na faili lake unamwangalia mara ya pili. Walipokuja kumuua kwenye hadithi, mwaka 2001, kwa ajali ya gari, mi nililia kama nimefiwa na mtu wa kwaya yetu.

Nikasema huyu mama wodi imemfundisha. Mgonjwa wa akili anaweza kukuambia jambo la kutisha kabisa huku anachambua mchele, hapandishi sauti, na wewe nesi usipokuwa makini linakupita. Alishakutana nao.

Kwa hiyo tangu hapo sikubali kwenda lokesheni kumcheza mwanamke asiye na maisha yake. Hata kama kwenye skripti kameandikwa "bibi" na sentensi mbili, mi namtungia maisha nyumbani. Ametoka wapi, anadaiwa na nani, anaumwa wapi, mikono yake imezoea kufanya nini. Mikono hasa. Mtu mzima hakai na mikono mitupu akiongea, anachambua mboga, anakunja kanga, anafunga noti kwenye pindo. Ukishajua mikono inafanya nini maneno yanakuja yenyewe.

Sasa uchawi. Hapa ndo huwa nagombana na watu.

Nafasi ya mchawi ina pesa kidogo na ina mashabiki, sikatai. Nilicheza moja, mchawi wa kuchekesha, anaanguka na ungo kwenye bati la mchungaji, ile niliifurahia mwenyewe. Baadaye wakaniletea nyingine ya "kusikitisha", bibi anaishi peke yake, macho mekundu, watoto wa kijiji wanakufa, mwisho wanakijiji wanamchoma na watazamaji wanatakiwa washangilie. Nikauliza macho mekundu ya nini, nikaambiwa ndo alama ya mchawi mama, watu wanaelewa. Jamani. Mimi ni nesi, macho mekundu ya bibi kizee ni moshi wa kuni, ni kupikia ndani ya kibanda kisicho na dirisha miaka hamsini, kule Kanda ya Ziwa wengine wanapikia samadi ya ng'ombe kwa sababu kuni hakuna, na tunajua wote bibi zetu huko Shinyanga na Mwanza wamekatwa mapanga kwa ajili ya hayohayo macho. Sio hadithi, ni watu. Nikawaambia siwezi kulipwa nikae pale nipigiwe makofi nikichomwa. Wakasema bi mkubwa ni filamu tu. Nikawaambia na mi ni "hapana" tu. Wakampata mwingine, na sina neno naye, kila mtu na ada za watoto wake.

Mama mkwe mkorofi je? Huyo namcheza, tena kwa moyo, kwa sababu mama mkwe ana sababu zake. Kuna moja nilimpelekesha mtoto wa watu mpaka akaondoka kwenye ndoa usiku na kichanga mgongoni. Ile ilitoka kwenye runinga, nikapanda gari Stendi Kuu naenda Arusha, binti mmoja akaniona, akanyanyuka akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Kondakta anacheka, mi nacheka, yeye amenuna mpaka Usa River. Alafu nilipokuwa nashuka Kilombero, hapo Arusha, akanifuata akaniuliza kwa upole, "Mama, ila kwa nini ulimnyima mtori?" Manake kwenye hadithi mkwe wangu amejifungua na mi namletea ugali na mchicha. Hiyo nilipendekeza mimi. Skripti ilisema nimtukane. Nikamwambia mwandishi matusi ya nini, mzazi wa Kichagga asipoletewa mtori na mama mkwe wake ujumbe umeshafika, huhitaji kufungua mdomo. Ona sasa, binti wa watu kashika hilohilo.

Haya, na mambo ya mwilini. Wakikuona tu mama mtu mzima wanakuja na poda wakupake kichwani uwe na mvi. Mimi mvi ninazo! Nimezaliwa nazo karibu. Kuna mpaka wig ya mvi waliniletea ikanikaa kama kofia ya sufu, nikaivua nikawaambia hizi za kwangu hazikuwafurahisha? Alafu wanataka uiname. Bibi lazima ainame, ashike mkongojo, avae kanga iliyochanika, sauti itetemeke. Nikawaambia nendeni hapo Old Moshi mkaone bibi wa miaka themanini anavyoshuka mlima na mkungu wa ndizi kichwani, shingo imenyooka utadhani anapita mbele ya rais. Kiuno kikiniuma nitainama mwenyewe bila kuelekezwa.

Kushika maneno ni kazi, siwadanganyi. Kichwa cha sasa sio cha chuo cha uuguzi. Simu siiwezi kusomea skripti, naandika upya kwa mkono kwenye daftari kubwa, herufi kubwa, na maneno ya wenzangu naandika pia, sio yangu tu, kwa sababu ukijua mwenzio anasema nini hata ukisahau lako unajua mnaelekea wapi. Na mara nyingi nasikiliza tu. Vijana wengi wanasubiri zamu yao ya kuongea, unawaona machoni wanarudiarudia sentensi, we unaongea wao hawapo. Nesi kazi yake kusikiliza, nusu ya ugonjwa mtu anakuambia wakati hajui kama anakuambia.

Saa ndo usiseme. Unaambiwa saa kumi na mbili asubuhi uwe pale, kamera inawashwa saa nane mchana. Mi nafika kumi na mbili, siwezi kuacha, zamu ni zamu, kwa hiyo nabeba sweta, chupa ya chai, chapati, dawa zangu za presha, na kanga ya kulalia, manake Arusha asubuhi ile baridi haina mzaha, mwezi wa saba hasa. Choo uliza kabla hujakubali kazi, nasema kweli, ukiwa kijana utajificha migombani, ukiwa na umri wangu uliza choo.

Pesa: ziandikwe. Nilishafanya kazi na kampuni moja, siitaji, tulimaliza kushuti wakasema mama ikiuzwa tutakuona. Ikauzwa, sikuonwa. Sasa hivi hata kama ni kipande cha sini moja nataka karatasi, jina langu, kiasi, tarehe, sahihi, na nusu mkononi kabla ya kuvaa nguo zao. Vijana wanaona aibu kudai kwa sababu wanaogopa hawataitwa tena. Mi nina pensheni yangu, ndogo lakini inaingia, na hiyo ndo imenipa mdomo. Najua sio kila mtu anayo, kwa hiyo nikiwa lokesheni naulizia na za wale watoto wa ekstra, prodyuza ananiangalia vibaya, namwangalia na mimi.

Kanisani walisemasema mwanzoni, mjane na umri huu anaenda kucheza filamu na watoto. Wakaacha wenyewe igizo la Pasaka lilipokosa mtu wa kuwasimamia.

Yule Joosten alipata saratani ya mapafu, ikatulia, ikarudi. Mwaka 2012 ile tamthilia yao inaisha, na yule bibi jirani wakamwandikia naye anakufa kwa saratani, na mwenye kuigiza ana saratani kweli. Sehemu ya mwisho ilionyeshwa Mei 13, yeye akafariki Juni 2, akiwa na miaka 72. Binti yangu aliona ni ukatili kumpa mtu kazi kama hiyo. Mimi sioni hivyo. Nimekaa na wanaokufa, wanachokichukia ni watu kuongea habari za mvua mbele yao kana kwamba hakuna kinachoendelea.

Sasa hivi kuna tamthilia wananiita, mama mwenye nyumba, huko mtaa wa Sakina, Arusha. Sini tatu, zote anadai kodi. Nikampigia mwandishi, binti mdogo ana adabu, nikamuuliza mwanangu huyu mama anaitwa nani, akasema anaitwa mama mwenye nyumba. Ana watoto? Akacheka, "Mama, we mtungie tu utakavyo, shikamoo." Basi nimeshamtungia. Aliuza ndizi Kilombero mpaka akanunua kiwanja, wakati mwenzie anajenga baa na hawara. Vyumba sita, kila kimoja anakumbuka mwaka gani alipaua na alikopa wapi bati. Ana goti la kushoto bovu. Funguo zote anazivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na kuna mpangaji mmoja chumba cha mwisho, mwanafunzi, huyo hajawahi kumdai na hajawahi kumwambia mtu kwa nini. Mi najua kwa nini. Kwenye skripti hakuna hata neno moja la hayo na sidhani kama kuna mtazamaji atajua, ila nikisimama kwenye huo mlango wa mwisho nisipogonga, dairekta ataniuliza mama mbona umeruka chumba, na hapo ndo tutaanza kuongea vizuri.

Tunashuti Jumamosi. Nauli wametuma nusu.